Tupeane uzoefu: mtungi wa kuzimia moto ulipohitajika, ulifanya kazi?

Mama Vitabu, Morogoro
Ndugu zangu, naandika kabla jambo hili halijanipoa moyoni. Asubuhi ya leo fundi wa mitungi ya kuzimia moto alikuja dukani kwangu, ninakouza vitabu na kutoa nakala, akaushusha mtungi wa gesi ya kaboni ulioko karibu na mashine, akaupima kwenye mizani, kisha akanionyesha uzito uliogongwa kwenye chuma chake. Gesi iliyopaswa kuwa kilo 5 ilikuwa imebaki kilo 3 na kidogo. Mtungi wa aina hiyo hauna geji ya mshale kama ile ya poda, kwa hiyo kwa macho ulionekana mzima kabisa, nami nimekuwa nikiufuta vumbi kila Ijumaa nikiamini kwamba ninautunza. Naomba wenye biashara tuelezane yaliyowakuta.

Seremala wa Keko
Dada, swali lako limenirudisha mahali ambapo sipendi kurudi. Karakana yetu ya samani ilikuwa na mitungi miwili ya poda ya kilo 9, tuliyoinunua siku tulipofungua na kuitundika karibu na mlango. Miaka mitatu baadaye, alasiri moja, kijana wetu alikuwa akichomelea miguu ya meza hatua chache kutoka mahali tunapopulizia vanishi, na cheche ikaangukia matambara yaliyolowa thina. Moto ulianza mdogo, wa kimo cha ndoo. Nilichukua mtungi, nikang'oa pini, nikaelekeza mpira kwenye shina la moto, nikabana mkono. Ilitoka poda ya mara moja tu, kama konzi ya unga iliyorushwa, kisha nikasikia gesi ikipuliza tupu. Nikakimbilia wa pili: mshale ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na nilipobana hakikutoka chochote. Nilipogeuka, moto ulikuwa umekwisha kupanda kwenye mbao za mninga.

Majirani walileta mchanga, mmoja akapiga 114, na Zimamoto walipofika walikuta randa ya umeme na vitanda vitatu vya mteja vimekwisha. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyekufa, ingawa kijana aliungua mkono hadi kwenye kiwiko.

Baadaye fundi aliifungua mitungi yote miwili mbele yetu. Katika wa kwanza, poda ilikuwa imeshikana chini kama saruji iliyoonja maji, kwa hiyo gesi ilijitafutia njia na kuiacha poda pale pale. Wa pili ulikuwa umewahi kubanwa kwa sekunde moja na mtu aliyetaka kuona kama unafanya kazi. Chembe za poda zikabaki kwenye vali, ikashindwa kujifunga sawasawa, na msukumo wote ukavuja taratibu. Aliyeubana ni kijana yule yule aliyeungua. Sikumlaumu, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumweleza kwamba mtungi ukibanwa hata kidogo ni lazima ukajazwe upya.

Shemeji wa Kigogo
Pole sana, kaka. Nimesoma nikasimama kwenda kuutazama wa kwangu.

Mzee wa Vipuri, Mwanza
Poleni, lakini tusemane ukweli. Nimelipia huduma kila mwaka kwa miaka sita, na anayekuja hubandika stika mpya, huandika tarehe, huondoka kabla chai haijapoa. Kwangu ni afadhali kununua mtungi mpya kila baada ya muda kuliko kulipia karatasi.

Fundi Mitungi, Tanga
Mzee wangu, kwa heshima zote, ulicholipia hakikuwa huduma. Fundi anayeijua kazi hupima uzito, husoma geji, hukagua pini na lakiri yake, huchungulia ndani ya mpira kwa sababu wadudu hujenga humo, hutafuta kutu kwenye kitako, na muda wa kuufungua unapofika huitazama poda na kubadilisha mpira wa kuzibia. Mwili wa mtungi nao hupimwa kwa msukumo wa maji kila baada ya miaka iliyowekwa. Mtungi mpya nao huvuja. Kaa naye anapofanya kazi.

Mzee wa Vipuri, Mwanza
Nitakaa naye, lakini kosa la fundi asiyefanya kazi yake lisigeuzwe kuwa kosa la mteja.

Fundi Mitungi, Tanga
Hapo umesema kweli, mzee, na nakubali.

Mwenye Kibanda, Kariakoo
Soko lilipoungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, kila mtu kwenye safu yetu alinunua mtungi. Hakuna aliyeweka tarehe ya kurudi kuuangalia. Ushauri wangu: pindueni mtungi wa poda juu chini kila mwezi ili poda isishikane.

Shemeji wa Kigogo
Mimi nimeambiwa nisiuguse kabisa. Nifuate lipi?

Fundi Mitungi, Tanga
Fuata maelezo ya mtengenezaji yaliyo kwenye mtungi wenyewe. Kuupindua hakuchukui nafasi ya kuufungua.

Bi Mkahawa, Unguja
Mimi huduma iliniokoa. Fundi alipokuja kukagua aliuliza kwanza tunapika nini, akaona karai la viazi, akauondoa mtungi wa gesi ya kaboni jikoni, kwa sababu kishindo chake kinaweza kuyarusha mafuta yanayowaka. Akatushauri mtungi wa dawa ya maji maalumu kwa mafuta ya kupikia, akatufundisha sote kuushika. Karai liliposhika moto mwezi wa Shaabani, binti yangu alizima jiko, akapuliza akiwa mbali, na tukaendelea kuwa na mkahawa.

Mzee wa Vipuri, Mwanza
Nimeushusha wangu sasa hivi. Stika ni ya mwezi wa tatu mwaka huu, na ndani ya mpira nimechokonoa kiota cha udongo cha dondora, kikavu, kimeziba tundu lote. Nimempigia fundi mwingine, anakuja kesho saa 3 asubuhi, nami nimekwisha kumwekea kiti kando ya changu.