Tupeane uzoefu: mtihani wa kupima uwezo kabla ya mahojiano ya kazi

Mjomba, Malindi:
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mpwa wangu ameitwa Mombasa Alhamisi ijayo kufanya mtihani wa kupima uwezo katika kampuni ya mizigo, na barua inasema tu kwamba kutakuwa na hesabu za majedwali, ufahamu wa maneno na mfuatano wa maumbo, kila sehemu maswali 30 kwa dakika 20. Sisi tuliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tulikuwa na silabasi na vitabu vya kudurusu, lakini huu hauna kitabu utakachofungua ukasema swali litatoka hapa. Naomba waliokwisha kuufanya wasimulie walichokutana nacho. Nasaha za kujiamini na kuomba dua anazo tele kutoka kwa nyanya yake.

Mwana wa Matondoni:
Mimi niliufanya nilipoomba nafasi ya mafunzo ya ufundi wa mitambo. Swali la kwanza lilikuwa mchoro wa kapi mbili, moja imefungwa juu na nyingine inapanda pamoja na mzigo wa kilo 60, tukaulizwa mvutaji atahitaji nguvu ya kilo ngapi. Nilijibu 30 bila kupiga hesabu, kwa sababu tangu utotoni nimepandisha foromali, ile boriti ya tanga, na baba, na najua gofia (kapi) ya pili inakupunguzia nini mikononi. (Msuguano waliuacha nje ya swali, chomboni hauachiki.) Swali la nne ndilo lililonishinda. Palikuwa na magurudumu manne ya meno yaliyoumana kwa safu, la kwanza linazunguka kuelekea kulia, nasi tuseme la mwisho linaelekea wapi. Magurudumu ya meno niliyowahi kuyatazama kwa karibu yalikuwa ya baiskeli, na kwenye baiskeli mnyororo huyazungusha yote mawili upande mmoja, basi nikaandika kulia. Jibu ni kushoto, kwa kuwa meno yakiumana kila gurudumu humgeuza jirani yake kinyume. Nililifahamu nikiwa ndani ya mashua, tumekwisha kuiacha gati ya Mokowe.

Bi wa Mkomani:
Kaka, mwambie mpwa wetu ajihadhari na sehemu ya maneno. Wanakupa kifungu kifupi, kisha sentensi, nawe uchague mojawapo kati ya Kweli, Si kweli na Haiwezi kujulikana. Kifungu changu kilihusu bei ya samaki sokoni, na sentensi ikasema kwamba wavuvi hupata samaki wachache wakati wa kusi. Mimi, binti wa mvuvi, nikaweka Kweli bila kusita. Kifungu hakikutaja kusi hata mara moja, kwa hiyo jibu lao lilikuwa Haiwezi kujulikana. Unatakiwa uyasahau yote unayoyajua na ushike yaliyoandikwa tu, jambo ambalo kwangu mimi lilikuwa gumu kuliko hesabu zote.

Mwalimu mstaafu, Malindi:
Hayo ya baiskeli na kusi yana historia ndefu. Wafaransa Alfred Binet na Théodore Simon walipotunga kipimo chao cha akili Paris mwaka 1905, kusudi lilikuwa kuwatambua watoto waliohitaji msaada zaidi darasani. Mwaka 1917 jeshi la Marekani likaanza kuwapima askari kwa mamia ya maelfu, likatunga mtihani wa Alpha kwa wanaosoma Kiingereza na wa Beta, wa picha, kwa wasiokisoma. Ila katika picha hizo mtu alitakiwa kugundua kwamba uwanja wa tenisi hauna wavu, kana kwamba kila mhamiaji aliyeshuka melini amewahi kuuona mchezo huo! Mwanasaikolojia Carl Brigham aliyatumia matokeo hayo mwaka 1923 kudai kwamba baadhi ya mataifa yana akili pungufu, akatunga mtihani wa SAT, wa kuingia vyuo vya Marekani, uliotumika mara ya kwanza mwaka 1926, na mwaka 1930 akakiri mwenyewe kwamba madai yale hayakuwa na msingi. Kukiri kukaja baadaye, mtihani ukaendelea.

Karani wa zamani, Watamu:
Shikamoo, Mwalimu. Sipingi, lakini mimi nilikaa upande wa pili wa meza, katika hoteli nisiyoitaja. Kabla ya mtihani, nafasi za mapokezi zilijazwa kwa simu za wajomba. Mwaka tulioanza kupima, kijana wa Ngomeni ambaye hakuna aliyemjua alipata alama za juu kuliko wote, na meneja hakuwa na namna ya kumwacha. Mwaka wa pili, hata hivyo, nikaona walioongoza wengi wamekwisha kufanya mitihani ya majaribio kwenye intaneti, na hiyo inahitaji bando na kompyuta. Kwa hiyo ajizoeze, tena kwa saa ya kengele. Swali likimganda aliruke, asibishane nalo.

Mjomba, Malindi:
Ahsanteni sana. Jana usiku nilimkalisha mezani na maswali 30 ya majedwali, simu ikihesabu dakika 20, akafika la 17 tu kwa sababu alikuwa akihakikisha kila jibu mara mbili. Leo amefika la 23, mawili ameyakosa. Magurudumu tumeyachora kwenye karatasi. Kilichobaki ni kwamba barua haisemi iwapo kikokotoo kinaruhusiwa. Aliyewahi kupimwa na kampuni za mizigo aniandikie kabla ya Jumatano, maana basi lake linaondoka alfajiri ya siku ya pili yake.