Mjadala: Mama wa nyumbani India alipwe na serikali au ni kumpumbaza tu?

#1 (mleta mada)
Wakuu, kule Tamil Nadu, kusini mwa India, Septemba 2023 serikali ya jimbo ilianza kuwaingizia akina mama wa familia za kipato cha chini rupia 1,000 kila mwezi kwenye akaunti zao, hoja yao kazi za nyumbani nazo ni kazi. Mimi nilisoma Pune, jimbo jingine hukohuko India, nikapanga chumba kwa familia moja, wazee, vijana wao wawili na wake zao, wote nyumba moja, na nasema hela ndogo ila itolewe. Mke wa yule kaka mkubwa anaamka kabla ya wote maana maji ya bomba yanatoka asubuhi tu, anajaza ndoo, anaoga kwanza ndo aingie jikoni, chai ya maziwa ya wakwe, presha kuka inapiga miluzi huku anasukuma chapati za watu kubeba kazini, na wanaume wakikaa kula anawaletea moja moja ya moto, yeye anakula mwisho, kama imebaki. Utafiti wa serikali yao wa 2024 unasema mwanamke dakika 289 kwa siku kazi za nyumbani, mwanaume 88, tena hizo 88 ni za wanaume waliofanya hizo kazi za nyumbani siku hiyo, wengi hata hawamo kwenye hesabu. Nani anapinga?

#2
Mimi. Mtungi wa gesi wa kilo 14.2 Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, umeshapita rupia 800, kwa hiyo serikali inamnunulia gesi ya kuwapikia haohao. Na mume akisikia kuna kitu kinaingia ndo kabisa haoshi hata kikombe, si unalipwa bwana.

#1
Kwani kabla ya hiyo hela alikuwa anaosha?

#3
Kaka zangu mnabishania posho wakati ishu ni mali. Juni 2023 Mahakama Kuu ya Madras, ya hukohuko Tamil Nadu, ilikuwa na kesi, mume alikuwa kazini Saudia miaka kibao, mke kabaki na watoto, jaji akasema mke ana fungu sawa kwenye mali iliyonunuliwa, maana bila yeye kushika nyumba mume angeondokaje? Ni hukumu ya kesi moja, bunge halijatunga sheria, ila hapo ndo pa kukazania.

#4
Mnamsema mume tu, mama mkwe mmemwacha wapi? Hiyo hela anapewa mwanamke mmoja tu kwa kila kadi ya mgao, ile kadi ya familia ya kuchukulia chakula cha serikali. Nyumba ya wakwe kama hiyo ya Pune ingekuwa Tamil Nadu, unadhani jina lingekuwa la nani? Mmoja anasukuma chapati, mwingine anapokea meseji ya benki.

#3
😂😂 Basi iandikwe jina la anayeshika mwiko.

#4
Sawa, na wa kwenda kuliandikisha ni mama mkwe.