Mjadala: Anayemuuguza mzazi nyumbani apewe pesa au aletewe msaidizi?

Kila tukizungumzia wazee hurudi neno lile lile: "Sisi hatuwatupi wazazi wetu kama Wazungu." Naomba tuseme ukweli. Hiyo "sisi" mara nyingi ni mtu mmoja, tena mwanamke.

Mama yetu alipata kiharusi. Tumezaliwa watano, anayekaa naye ni dada yetu mkubwa. Kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, anamgeuza kwa kuvuta khanga aliyomtandikia chini ya mgongo, asije akapata vidonda. Siku hizi dada mwenyewe akiinuka hushika ukuta kwanza. Sisi wanne tunatuma pesa, na tunajihesabu kuwa tunatunza.

Hao Wazungu je? Ujerumani ina bima ya utunzaji tangu 1995, na wengi wanaohitaji kutunzwa wako majumbani mwao, si kwenye vituo. Ndugu wakimtunza, mzee hupewa pesa: mwaka 2025 ni kati ya euro 347 na 990 kwa mwezi kulingana na hali yake, kuanzia daraja la pili la uhitaji wa kutunzwa. Anayemtunza anaweza hata kuchangiwa pensheni yake.

Japani walianza mwaka 2000, watu wakichangia kuanzia umri wa miaka 40. Wao walikataa kutoa pesa taslimu, kwa hofu kwamba mkaza mwana atazidi kufungwa nyumbani. Wanaleta watu. Kuna hata gari la kuogeshea: wahudumu wanaingia na beseni la kuunganisha, wanaliweka chumbani, wanamwogesha asiyeweza kuinuka.

Kwetu Afrika Mashariki, Zanzibar ilianza 2016 kumpa kila mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya ina Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa pesa wazee na wengine wasiojiweza. Ni jambo jema sana, ila pesa hizo hazimgeuzi mtu kitandani.

Mimi nasimama na Wajapani. Najua wengi wetu hatuna mishahara ya kukatwa bima. Lakini wahudumu wa afya ngazi ya jamii tayari wanapita nyumba kwa nyumba kuwaona wajawazito na watoto. Wakifundishwa kumgeuza na kumwogesha mgonjwa, hata mara mbili kwa wiki, dada angelala.

Nilipomwambia, alinikatalia. Yeye anataka pesa, kwa sababu hayuko tayari mgeni amwone mama utupu.

Mliowahi kuuguza mzazi, mngechagua lipi?