"Salient" kwenye "Kagera Salient" ina maana gani hasa?

Kijana wa Nyakato:
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada, kuna neno linanisumbua toka juzi. Namtafsiria baba mkubwa kitabu cha kiingereza kinachoongelea vita ya Kagera, yeye alikuwa jeshini 78 na 79, sasa macho hayamruhusu kusoma na kiingereza chenyewe hakukisoma, kwa hiyo usiku nasoma naandika kwenye daftari kwa kiswahili alafu asubuhi namsomea kabla sijaenda kazini. Sasa kila ukurasa kuna "the Kagera Salient", mara "the Salient" peke yake. Nikaangalia kamusi ikasema salient ni muhimu, dhahiri, -a kuonekana wazi, nikaandika "eneo muhimu la Kagera". Namsomea akanisimamisha, akasema kwani Bukoba haikuwa muhimu? Biharamulo je? Nani kakwambia pale ndo muhimu? Nikakosa jibu. Hili neno lina maana nyingine ya kijeshi? Na kwa kiswahili tuliiteje, maana sitaki kumdanganya mzee kwenye vita aliyopigana mwenyewe.

Mwalo Kirumba:
Msalimie sana baba mkubwa, shikamoo yake. Kamusi haijakosea ila imekupa salient ile ya kwenye insha, "salient points", hoja kuu zinazojitokeza. Ya kijeshi ni nomino, ndo maana umeiona imesimama na "the" mbele yake na nyuma hakuna neno inalolisifia. Hiyo ndo dalili ya kuzitofautisha ukiwa unasoma.

Maana yake ni kipande cha ardhi unayoishika wewe ambacho kimejichomoza kuingia upande wa adui, kiasi kwamba adui yuko mbele yako, kulia kwako na kushoto kwako, umebakiwa na mgongo tu ndo unaungana na wenzako. Nenda kaangalie Capri Point hapa Mwanza, maji mbele, maji kulia, maji kushoto, nyuma ndo mji. Maji yale yafanye kuwa jeshi la adui, basi aliyesimama Capri Point yuko kwenye salient. Wakimkata pale nyuma akabaki peke yake anakuwa kama kisiwa cha Saanane pale jirani, kazungukwa pande zote, na hapo waingereza hawasemi salient tena wanasema "pocket". Hayo mawili watu wanayachanganya sana na sio kitu kimoja.

Ubaya wa salient ni kwamba unapigwa kutoka pande tatu. Waingereza walikaa kwenye ya Ypres kule Ubelgiji vita ya kwanza yote karibu, toka 1914 mpaka 1918, wajerumani wako kwenye vilima wanawaangalia kwa juu. Na ya Kursk, Julai 1943, warusi walikuwa wamejichomoza sana ndani ya mstari wa wajerumani, wajerumani wakaja mkono mmoja kutoka kaskazini na mwingine kutoka kusini wakutane nyuma wawafungie ndani. Waliowahi kuona kokoro, ule wavu mrefu wa kuvulia samaki, likivutwa ufukweni wataelewa haraka, kamba mbili zinakuja pamoja na samaki katikati. Ila pale Kursk lile kokoro halikufika ufukweni, warusi walijua mapema wakajichimbia, mikono haikukutana.

Ticha Jiografia:
Mwalo umeeleza vizuri sana ila nna swali la haki kabisa. Chukua ramani ya Kagera. Uganda iko kaskazini tu. Hakuna pande tatu pale. Kwa nini waandishi wakaita salient?

Nilivyoelewa mimi ni hivi. Mpaka ule waingereza na wajerumani waliuchora 1890, wakafuata mstari wa nyuzi 1 kusini ya ikweta, umenyooka kama rula, hawakuuliza mto unapita wapi. Mto Kagera wenyewe unapinda, unashuka kusini ya huo mstari unapita Kyaka alafu unapanda tena kuingia Uganda ndo unamwaga ziwani. Kwa hiyo kati ya mstari na mto kimebaki kipande cha Tanzania, kama kilomita za mraba 1,800, kiko ng'ambo ya mto. Ukichukulia mto ndo mpaka wa asili, basi Tanzania imechomoza imevuka mto. Na Amin alichukulia hivyo hivyo, mwanzoni mwa Novemba 1978 alitangaza kwamba eneo lote mpaka mtoni ni la Uganda, na daraja la Kyaka likalipuliwa ili jeshi letu lisivuke. Hapo unaona kwa nini kile kipande kilikuwa kigumu kukilinda hata kama adui yuko upande mmoja tu, kwa sababu mgongoni kwako una mto, na daraja likishaondoka hauna mgongo.

Kwa hiyo kijana usimwambie mzee kwamba tulizungukwa pande tatu pale, atakukatalia na atakuwa sahihi.

Mwalo Kirumba:
Ticha hapo nakubali, nilieleza maana ya jumla nikasahau ramani yetu wenyewe. Wabheja sana.

Dada wa Pasiansi:
Mimi nimesoma lugha kidogo naomba niongezee kwenye kiswahili chake. Shina ni kilatini, neno la kuruka au kuchupa, na zamani lilitumika kwenye ngome, ile kona ya ukuta inayochomoza nje. Aliyefika Fort Jesus Mombasa ameziona zile pembe. Kwa hiyo "mchomozo" naona linakaa vizuri kwa sababu kitenzi ni kile kile, jua linachomoza, jino linachomoza. "Rasi" hapana, msomaji atatafuta maji. "Pembe ya Kagera" mtu atadhani ni kona ya mkoa.

Na kwa kuwa Saanane imetajwa, mwulize baba mkubwa kama alisikia habari za Machi 1979, ndege ya mabomu ya Libya, waliokuwa upande wa Amin, aina ya Tu-22 ilikuja kupiga matenki ya mafuta hapa Mwanza ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwani yakaua swala. Watoto wetu wanaenda pale kuangalia wanyama hawajui.

Kijana wa Nyakato:
Nimerudi wakuu. Asubuhi nimemsomea yote, la Capri Point, la mto, la mstari wa 1890. Kwenye mto alinyamaza muda mrefu. Mwisho akaniambia wao hawakuwa na jina lolote la kitaalamu, walikuwa wanasema "ng'ambo", fulani yuko ng'ambo, leo tunavuka ng'ambo, na kila mtu alijua ni wapi. Kwa hiyo kwenye daftari nimeandika "mchomozo wa Kagera" mara moja tu pale mwanzo na maelezo ya Ticha, kurasa zingine zote nimefuta "eneo muhimu" nikaweka "ng'ambo ya mto". La Saanane alikuwa halijui kabisa, wakati huo yeye alishavuka yuko Uganda. Ameniomba nimpeleke jumapili.