Naomba ushauri: swichi itume kumbukumbu za kiwango gani kwenye seva?

Ndugu wanajamvi, habari zenu. Ninasimamia mtandao wa chuo wenye swichi (vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao) za Cisco Catalyst, na ninataka ujumbe wa mfumo kutoka kila swichi ukusanywe kwenye seva moja ya Linux inayotumia rsyslog (programu ya kupokea na kuhifadhi kumbukumbu), kwa sababu kumbukumbu iliyo ndani ya swichi hufutika umeme unapokatika, nasi tunabaki bila ushahidi wakati tunapouhitaji zaidi.

Seva inapokea ujumbe kupitia UDP (njia ya kutuma data bila kusubiri jibu), poti 514, na saa zote zinalinganishwa kwa NTP, yaani itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao. Kinachonitatiza ni amri ya "logging trap", inayoamua ujumbe wa uzito gani utumwe kwenye seva: kiwango ni 0 hadi 7, namba ndogo ndiyo nzito zaidi, na swichi hutuma kiwango ulichoweka pamoja na vilivyo vizito zaidi. Nikiiweka kwenye kiwango cha 4, ninakosa SYS-5-CONFIG_I, taarifa inayotujulisha kwamba mtu amesanidi swichi (amebadilisha mipangilio yake), ambayo kwangu ni muhimu kuliko zote. Nikiiweka kwenye 5, seva inafurika LINEPROTO-5-UPDOWN (taarifa kwamba poti ya swichi imeanza au imeacha kufanya kazi) kila kompyuta ya maabara inapowashwa au kuzimwa. Nimefikiria kuweka amri ya "no logging event link-status", inayozuia taarifa hizo, kwenye poti za watumiaji pekee, nikiziacha zile zinazounganisha swichi kwa swichi. Je, waliofanya hivyo wamekutana na kasoro gani, au ni afadhali nichuje upande wa seva?

Vilevile, UDP haithibitishi kwamba ujumbe umefika, hivyo kiungo kikuu kikikatika, taarifa zake zinaweza kupotea njiani. Ninyi mnahifadhi nakala kwenye flashi ya swichi (hifadhi isiyofutika umeme unapokatika), au mnatumia njia nyingine?