Mjadala: Marzipani ni ya Toledo, ya Lübeck, au wote wameikuta?

Wakuu, tulijadili hili bila kurushiana mawe. Marzipani, ule mchanganyiko wa lozi na sukari vilivyosagwa hadi vikawa donge laini, inagombewa na miji miwili. Toledo, Hispania, wanasema walioianza ni watawa wa kike wa San Clemente, ngano ilipoadimika baada ya vita vya Las Navas de Tolosa, 1212. Lübeck, Ujerumani, nao wanasema njaa iliwakumba 1407, unga ukaisha, waokaji wakafanya mkate wa lozi zilizokuwa ghalani.

Simulizi zote mbili hazinikai akilini. Mji unakosa unga, halafu sukari ipo tele? Sukari ya zama zile Ulaya ilikuwa ghali, ikiuzwa na wauza dawa. Halafu kumbukumbu za vyama vya mafundi wa Lübeck zinaitaja marzipani mwaka 1530, zaidi ya karne nzima baada ya hiyo njaa!

Mimi naipeleka Baghdad. Kitabu cha mapishi cha Ibn Sayyar al-Warraq, karne ya 10, kina lauzinaj, kitamutamu cha lozi na sukari, ikiwemo ile kavu isiyofungwa kwenye unga. Na Toledo ilitawaliwa na Waislamu hadi 1085. Sasa hao watawa walivumbua nini?

— Mkuu, umevuka mpaka. Kwa hoja hiyo hata pilau ya Pwani tuwarudishie wenyewe. Ya Toledo hufinyangwa, mara nyingi umbo la samaki mkunga aliyejikunja, ikapakwa yai na kuingia tanuri hadi mgongo uwe kahawia. Ya Lübeck haiokwi, na nyingi huvikwa chokoleti. Umoja wa Ulaya unalinda majina yote mawili.

— Chokoleti ndiyo inayokuumbua, ndugu yangu. Mwaka 1407 Mjerumani gani alikuwa ameiona kakao? Na ulinzi wa jina unasema bidhaa itengenezwe wapi, hausemi nani alianza.

— Mbona Palermo, kule Sicily, mmeiruka? Watawa wa Martorana walifinyanga donge la lozi kwa maumbo ya matunda na kuyapaka rangi hadi unadhani yametoka mtini. Sicily nayo ilikuwa chini ya Waarabu kabla ya Wanormani. Toledo na Palermo njia yao inaonekana. Wa Lübeck watuambie wao waliipata kwa nani.