Monita ya vekta ya zamani au oskiloskopu tu? Nisaidieni kuchagua

KijaniKibichi: Wakuu habari zenu. Nimepata jamaa anauza monita ya vekta ya zamani, zile ambazo hazijazi kioo mistari kama tv, mwali wenyewe wa elektroni unaenda kuchora umbo. Anasema fosfori yake, ile poda ya ndani ya kioo inayowaka ikipigwa na mwali, inabaki inawaka, ukichora kitu kinafifia polepole. Mwingine ana oskiloskopu ya analogi, kile kipimo kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo, yenye XY (ishara moja inasogeza mwali kulia-kushoto, nyingine juu-chini), iko safi kabisa. Nichukue ipi? Jamaa anataka jibu kesho kutwa.

MzeeTransista: Mkuu mbona ya maana yote umeyaruka? Fosfori ya aina gani, P7, P31, P39? Inchi ngapi? Mwali unapindwa na koili au na pleti? Inawaka? Na unaitakia nini hasa? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

KijaniKibichi: Lebo imechubuka haisomeki. Nimepima kwa rula kama inchi 14. Hajaiwasha ila anasema ilikuwa inafanya kazi.

bintiVolti: "Ilikuwa inafanya kazi" 😂 hata marehemu alikuwa anatembea. Nenda na tochi, ya UV ukiwa nayo, zima taa za chumba, mulika kioo sekunde chache monita ikiwa haina umeme halafu zima tochi. Duara la tochi likibaki linang'aa manjano-kijani hapo kuna dalili za P7. Likipotea palepale hiyo stori ya fosfori kubaki inawaka ina walakini.

MzeeTransista: Mbinu nzuri hiyo. P7 ina tabaka mbili, elektroni zinapiga moja inatoa bluu ya ghafla, bluu hiyo ndo inaiamsha ya pili iwake manjano na kubaki. Rada zilitumia hiyo, na kioo cha kompyuta ya PDP-1 walichochezea gemu ya Spacewar! 1962 ni hiyohiyo, meli zinapita zinaacha mkia.

gemuTu: Chukua Vectrex, mashine ya gemu yenye kioo chake cha vekta, ya 1982, inchi 9, ina gemu ndani, unachomeka unacheza, habari imeisha

MzeeTransista: Hakuuliza Vectrex. Na mwanga wake haubaki.

gemuTu: sasa gemu yenye mikia kila mahali utaona nini? unampiga risasi mzimu

Kapasita_Imevimba: Mimi niliuziwa mbuzi kwenye gunia, acha nisimulie. Nilifika nayo nyumbani nikachomeka moja kwa moja kwa kiherehere, ikatokea nukta moja katikati, kali kama jua, nikafurahi eti inawaka!! nikakimbilia kamera, kurudi pale katikati pameungua, doa la kahawia mpaka leo. Kumbe ampu (vikuza ishara) za kupinda mwali zilikuwa zimekufa, mwali wote unapiga sehemu moja, na sakiti ya kuuzima nayo ilikuwa imekufa. Sikuishia hapo, nikazima nikafungua, nikatoa chaji ya kioo mara moja nikaridhika, nikaenda kula, kurudi nashika ule waya mnene wa volti kubwa unaoingia kwenye kioo, nikarushwa kiwiko kikagonga rafu. Kioo huwa kinajirudishia chaji kidogo, unatoa mara mbili tatu na mkono mmoja unakaa mfukoni. Kwa hiyo mkuu, braitinesi shusha hadi mwisho KABLA ya kuwasha.

bintiVolti: Pole 😅 ila kukimbilia kamera...

Waya_Mmoja: Kama ni kuganda kwa picha tafuta Tektronix 4010, kioo cha kompyuta cha kuchorea, ya 1972, inachora na inakaa

MzeeTransista: Hapana bwana, ile si fosfori ya muda mrefu, ni bomba la kuhifadhi. Picha inashikiliwa kwenye kioo mpaka ufute, na ukifuta unafuta yote, kioo kizima kinawaka kijani ghafla. Mnachanganya kila siku.

Waya_Mmoja: mwisho wa siku si picha inakaa? tofauti yake kwa mtazamaji nini

MzeeTransista: Moja inafifia yenyewe nyingine haifi mpaka uiue!

bintiVolti: Mwenye uzi bado hajasema ataiendesha na nini, yaani ishara za kusogeza mwali zitatoka wapi. Kama ni kadi ya sauti ya kompyuta sahau, nyingi zina kapasita kwenye njia ya kutokea, ukiweka nukta pembeni ikae inateleza yenyewe kurudi katikati.

KijaniKibichi: Nimerudi. Nimemulika, imebaki inang'aa, kwa kweli nimesisimka, nimeandika jina langu kwa tochi likasomeka!! Ila pembeni ya kioo kuna ukungu na vimapovu, kwa ndani.

MzeeTransista: Ni gundi ya kile kioo cha mbele cha usalama imeoza. Vimapovu vimefika wapi? Weka picha.

gemuTu: Vectrex haina gundi 🙂

KijaniKibichi: Simu imezima chaji, picha jioni. Na hiyo kapasita ya kadi ya sauti siwezi kuiruka kwa waya?